Jibu Lililotangulia Ujumbe

Dennis, na nyinyi wengine mnaokaa sasa kwenye kile chumba cha seva pale Busia, najua mnaniita yule mama mkali. Niiteni tu. Nimestaafu, paswadi yangu imefungwa, na usiku silali vizuri kwa sababu ndani ya ile ruta kuna mstari mmoja ambao mtu akiubadilisha, fundi wa gereji anaweza kufa. Si maneno ya kutisha watu. Ulibadilishwa mara moja, Wandera akafa, na mimi nikabaki na mkono huu uliojikunja na sikio moja linalosikia. Kwa hivyo someni, hata kama malori yanapiga honi huko nje. Kiswahili changu mtanisamehe. Shule yangu iliishia darasa la saba huko Moding.

Mambo ya vyeo na mshahara sitaandika. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua.

Kampuni ilikuwa na yadi mbili, kama sasa. Malaba ndiko matanki ya mafuta yanaingilia yakirudi matupu kutoka Uganda. Busia ndiko kuna gereji na mahali pa kuoshea. Niliajiriwa Busia kukaa kwenye redio koli, na niliajiriwa kwa sababu ya sauti. Nilikuwa nauza samaki wa kukausha karibu na geti lao, na yule meneja wa zamani alisema kama naweza kumnyamazisha dereva wa Kampala kwa Luganda na kumfukuza askari kwa Kiteso bila kuinuka kwenye kiti, basi redio nitaiweza.

Aliyenifundisha ni Mzee Oduori. Alikuwa mtu wa Budalang'i, mfupi, mwenye maneno machache na yote makali. Mfukoni alikuwa na njugu, na alikuwa anatafuna wakati wewe unakosea. Siku yangu ya kwanza Malaba wakaita, nikasikiliza, nikajibu vizuri kabisa kama nilivyosikia watu wa redio wakijibu.

"Malaba anasema nini?" akaniuliza.

"Anasema trela inakuja, Mzee."

"Trela gani? Safi au chafu? Nani anaivuta?"

"Sijui. Nimemwambia nimekupata."

"Umempata wapi? Uko naye hapo mezani?" Akatema ganda la njugu. "Mwite tena. Na usimwambie umempata. Mwambie alichokuambia, neno kwa neno, yeye akuambie ndiyo."

Nilidhani ananionea kwa sababu mimi ni mwanamke na nimekuja na harufu ya samaki. Baadaye akanieleza. Kwao Budalang'i, mto Nzoia ukijaa, watu wa juu kwenye tuta walikuwa wanapiga kelele kwa wa chini: maji yamevunja mahali fulani, hamisheni watoto. Wa chini hakuruhusiwa kujibu "sawa." Alitakiwa kuurudisha ujumbe wote kwa kelele, mpaka wa juu ausikie kwa mdomo wa mwenzake. Akijibu "sawa" tu, wa juu alikuwa haondoki, anaendelea kupiga kelele na kumtukana mama yake. "Mtu akisema sawa," Mzee Oduori akaniambia, "anataka unyamaze. Hajasema amesikia."

Na hapo niwaeleze kwa nini trela safi na trela chafu ilikuwa kitu cha kutukana mtu mama yake. Wengi mnafikiri tanki lililojaa petroli ndilo la hatari. Lililojaa ni hatari, lakini tupu ambalo halijaoshwa linanitisha zaidi. Mafuta yameisha, mvuke umebaki, umechanganyika na hewa, umetulia mle ndani unangoja cheche. Fundi akija kuchomelea kipande nje ya hilo tanki, amekwisha. Kwa hivyo Malaba wakipokea trela kutoka Uganda walikuwa wanaangalia, kisha wanatuambia: hii chafu, ioshwe kwanza. Neno hilo moja ndilo lililokuwa kati ya fundi na kaburi. Nilikaa kwenye redio miaka mingi, na kila siku sikuweka redio chini mpaka Malaba aniambie "ndiyo, chafu, umesema sawasawa."

Mzee Oduori akastaafu, redio ikazeeka, kompyuta zikaja. Nilijua nimefukuzwa. Nilianza hata kuuliza bei ya samaki. Lakini kijana waliyemtuma kutoka Nairobi kupanga ule mtambo, Collins, alikuja akakaa karibu yangu siku nzima akisikiliza redio, kisha akawaambia wanibakize. Alisema anahitaji mtu anayejua ni ujumbe gani unakwenda wapi, hayo mengine atanifundisha. Kwa hilo namshukuru mpaka leo. Mengine nitayasema mbele.

Collins alinieleza hivi, na mimi nitawaeleza hivyo hivyo kwa sababu sijapata maneno bora. Kila yadi iliwekewa programu inayoitwa broka. Hapa mpakani ukisema broka watu wanafikiria wale jamaa wenye mafaili kwapani wanaokimbilia kila lori, lakini hii ni programu, haiombi chai. Kazi yake ni kama ya mwenye duka la stejini ambaye watu wanamwachia mizigo. Unamwachia kifurushi, anakishika, mwenyewe akija anampa. Malaba wana duka lao, Busia wana lao. Kwa nini maduka mawili? Kwa sababu laini ya kati yetu ilikuwa inakatika kila wakati. Stima inapotea, au trekta la barabara linachimba kebo. Kila yadi ikiwa na broka wake, ujumbe haupotei, unakaa dukani mpaka njia ifunguke.

Sasa nani anatoa kifurushi duka la Malaba na kukipeleka duka la Busia? Ndiyo ruta. Ruta ni mtu wa bodaboda. Yeye hana duka, hafungui kifurushi. Anasoma tu jina juu yake na kukimbia.

Kumpanga huyo wa boda ndiyo ilikuwa kazi yangu, na jina likanikaa, Mama Ruta. Ni faili moja tu yenye mistari, mmeiona. Unamwambia achukue wapi na apeleke wapi. Unamwambia achukue vifurushi gani: vya matanki ndiyo, vya kantini hapana, maana hakuna mtu Malaba anayetaka kujua kwamba Busia leo ni maharagwe. Unamwambia laini ikikatika ajaribu tena baada ya muda gani. Ukisahau kitu, atafanya ulichosema, si ulichotaka. Mwezi ule wa kwanza tulisahau kumwambia kwamba ujumbe uliotoka Malaba usirudishwe Malaba. Basi ujumbe mmoja, "Trela imefika, dereva anaomba sabuni," ukatoka Malaba ukaja Busia, Busia ikaurudisha Malaba, Malaba ikautuma tena. Printa ya gereji ilichapa sabuni mpaka karatasi ikaisha. Wandera akanijia na furushi kubwa la karatasi mikononi.

"Mama Ruta, huyu dereva ni mchafu kiasi gani?"

Huyo ndiye Wandera, fundi wetu wa kuchomelea. Msamia, mrefu, mwenye utani usioisha. Mimi ni Mteso, na alikuwa ananiambia kila asubuhi kwamba sisi tunakunywa ajono kwa mrija mrefu kwa sababu tunaogopa kukaa karibu na sufuria. Mimi nilikuwa namwambia wao hawana pombe ya maana ndiyo sababu wanachungulia yetu. Basi tulikuwa hivyo. Collins akaongeza alama, kila ujumbe ukabeba jina la kwao, ruta ikajua wa kwenda na wa kubaki. Sabuni ikaisha.

Mstari wa mwisho wa lile faili ndio ninaoandikia haya yote. Mtu wa boda amechukua kifurushi duka la Malaba. Ni wakati gani anamwambia mwenye duka, "Futa, kimefika"? Akishakichukua tu, kabla hajawasha pikipiki? Au baada ya duka la Busia kukipokea na kukiweka kwenye rafu? Kwa maneno ya kompyuta ni Kiingereza kirefu, mimi nilikuwa naita kabla na baada. Ukiweka baada, mtu wa boda akianguka njiani, mwenye duka la Malaba bado ana nakala na atamtuma tena. Ukiweka kabla, akianguka, Malaba wameshafuta, Busia hawajaona, na hakuna mtu duniani anayejua kwamba kulikuwa na kifurushi.

Collins aliweka baada. Akanionyesha kwa kidole. "Mama, mengine yote ukikosea tutarekebisha. Huu usiguse." Nikamweleza habari ya tuta la Budalang'i, akacheka kwa furaha, akasema ni kitu kilekile kabisa. Kwa hivyo mnaona, alijua. Hakuna anayeweza kuniambia Collins hakujua. Alijua kuliko mimi.

Sasa Masinde. Masinde alikuwa meneja wa Malaba, na nataka jina lake lisomwe. Kwenye yadi yake kulikuwa na utaratibu kwamba geti halifunguki, trela haitoki kuja Busia, mpaka skrini iseme ujumbe wake umepokelewa. Utaratibu mzuri. Lakini laini ikikatika, ujumbe unajipanga kwenye duka lake, namba nyekundu inapanda kwenye skrini yake, na malori yanajipanga barabarani. Madereva wanamtukana, askari wanamtukana, na makao makuu Nairobi wanaona ile namba nyekundu na kumpigia simu. Alikuwa ananipigia mimi.

"Mama, ruta yako imelala."

"Haijalala, bosi. Laini imekatika. Inangoja."

"Ingoje nini? Mimi nina foleni mpaka kanisani!"

"Ingoje Busia ipokee."

"Busia itapokea tu. Hata lori lenyewe litafika kabla ya huo ujumbe wako."

Hapo mara nyingine alikuwa na haki, lori lilikuwa linaweza kutangulia. Ndiyo maana geti lilifungwa! Nilikuwa nikimwambia hivyo anakata simu. Kila laini ikikatika najua Masinde atapiga, na kila akipiga najua kuna tanki chafu mahali linalosukumwa lipite.

Kisha Masinde akaacha kupiga.

Wiki ya kwanza nilimshukuru Mungu. Laini ilikuwa inakatika, Malaba kimya. Nikampigia mwenyewe kumuuliza, akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kuisikia, "Mambo ni sawa, Mama. Skrini ni kijani." Nikauliza mbona ni kijani na laini imekatika. Akasema labda wameleta laini nyingine. Mimi ni mtu wa redio. Redio ikiwa na kelele unajua watu wapo. Ikinyamaza ndiyo unasimama. Nilimpigia Collins Nairobi, hakushika. Nikafungua ruta nisome lile faili, nikakuta paswadi yangu inafungua sehemu ya kusoma foleni tu, sehemu ya kubadilisha mipango imekataa, na ule mstari wa mwisho siuoni. Nikampigia tena Collins. Akatuma ujumbe mfupi: niko kwa mkutano Mama, nitakupigia. Hakupiga.

Asubuhi ile ilikuwa imenyesha na stima ilikuwa imepotea Malaba ikarudi. Niliona trela inaingia yadi ya Busia, inavutwa na dereva mmoja wa Tororo ambaye alikuwa ananiita nyabo, yaani mama kwa Luganda. Akaiacha mbele ya gereji, akaenda kunywa chai. Nilingoja printa ya gereji ilie, maana ilikuwa inasikika mpaka kwangu. Haikulia. Nikatoka kwenye chumba cha seva nikaenda gereji. Sikukimbia, na sitaki mtu aniambie ningekimbia. Nilikwenda kuuliza swali tu.

Wandera alikuwa ameshapiga goti chini ya ile trela, kishikio cha ngazi kilikuwa kimepasuka. Akainua kinyago.

"Leo umekuja kunikagua, Mama Ruta?"

"Umepata ujumbe wa trela hii?"

"Angalia mwenyewe." Akaelekeza kidole kwenye skrini ya ukutani. Ilikuwa kijani. Namba ya trela, na karibu yake: imeoshwa.

Ilikuwa kweli imeoshwa. Ilioshwa safari iliyopita. Skrini ya gereji ilikuwa inaonyesha habari ya mwisho iliyopokea, na kwa kuwa hakuna mpya iliyofika, ilibaki na ya zamani. Mimi nilisimama pale nikiangalia ule ukijani, kuna kitu kinakataa moyoni, nikasema, "Ngoja kidogo nipigie Malaba." Alikuwa ameshashusha kinyago. Sijui kama alinisikia. Mashine yake ilikuwa na kelele.

Sitaeleza zaidi. Waliokuwepo wanajua. Wandera aliacha mke, Nekesa, na watoto. Mimi niliamka hospitali na bandeji mpaka shingoni, na upande wa kushoto dunia imezimwa.

Collins alikuja kuniona. Akakaa kwenye kile kiti cha wageni na matunda kwenye mfuko, hakunitazama. Akasema, "Masinde alinipigia, Mama. Alikuwa ananipigia kila siku. Alisema makao makuu wamekubali. Nikaweka kabla." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungekataa." Nikamuuliza kwa nini alinipunguzia paswadi. Akalia. Mimi sikuweza kulia kwa sababu ya bandeji, na pia sikutaka amalize kulia mapema.

Nilimwambia aende ayaseme hayo kwenye mkutano. Akaniahidi. Siku ya mkutano wakaja watu wa makao makuu wamevaa vizibao vya kung'aa, mimi nimeletwa kwa gari la hospitali, na mmoja wao akauliza ni nani anayeshughulika na ruta. Watu wote wakanigeukia. Masinde alikuwa ameketi mbele, kalamu mkononi. Nikamtazama Collins nikingoja. Akasema mtambo ulikuwa na "hitilafu ya mawasiliano." Hitilafu! Nikasimama nikasema yote kama nilivyoyasema hapa. Masinde akasema kwa upole uleule wa simu kwamba mama ameumia kichwa, tumwombee. Wakaandika kosa la opereta wa Busia. Masinde wakampeleka Mombasa, yuko kwenye ofisi yenye baridi. Collins nasikia ana kampuni yake. Wandera yuko nyumbani kwao, chini.

Mtu ataniuliza mbona nilirudi kazini. Nilirudi kwa sababu ile ruta ilikuwa bado inatembea. Nilipopona kiasi nilienda moja kwa moja kwenye chumba cha seva, na meneja mpya wa Busia, ambaye alikuwa mwoga na mtu mzuri, akanipa paswadi yote bila kuniuliza. Nikarudisha baada. Kisha nikamtuma mtu Malaba, nikachomoa kebo kwa mkono huu mzima, nikamwambia kwa simu atume ujumbe wa jaribio. "Skrini yako inasema nini?" "Inasema bado, Mama." "Rudia." "Bado haujapokelewa." Ndipo nikakaa chini.

Miaka iliyofuata nilifanya hilo jaribio kila Jumatatu, na mara nyingine Alhamisi, na mara nyingine kwa sababu tu nimeota vibaya. Mlinung'unika kwamba naangusha laini ovyo. Dennis, wewe ulisema mbele yangu kwamba kuna njia ya kuangalia bila kuchomoa kebo. Inawezekana ipo. Kompyuta unaijua kuliko mimi. Mimi nilitaka kuona kwa macho mtu wa Malaba akikwama, kwa sababu akikwama yeye, huku fundi yuko hai. Pia niliomba skrini ya gereji ibadilishwe, kwamba trela ikivuka geti la Malaba kwenda Uganda, ile habari yake ya zamani ifutwe, isibaki kijani cha safari iliyopita. Hilo mlinifanyia, wewe Dennis na mwenzako, na nawashukuru. Sikuwaambia siku ile kwa sababu nilikuwa nimekasirikia kitu kingine.

Nikatoka. Mkono ulikuwa umechoka, daktari akasema. Nilirudi Moding kwenye mihogo na mtama, na nilidhani nitapumzika.

Sasa hivi majuzi jirani yangu, ambaye mtoto wake ni dereva wenu, alinipitia kunisalimu. "Yoga," "yoga noi," tukaulizana habari za shamba. Kisha akasema kwa furaha kwamba mtoto wake anafika nyumbani mapema siku hizi. "Malaba hawakai kwa geti tena. Ukifika, kijani, unapita."

Niliweka chini mihogo niliyokuwa namenya.

Nikakupigia, Dennis. Ukasema, "Iko sawa, Mama." Nikakuambia unisomee ule mstari. Ukasema uko kwa mkutano, utanipigia. Hukujua neno hilo linanifanyia nini. Nikaita mtu wa boda mpaka lami, nikapanda gari la Busia na nguo za shamba, na njia nzima nilikuwa nasema na Mungu kwa Kiteso, maana Kiswahili kilikuwa kimeniisha.

Getini yule askari mpya akanisimamisha. "Mama, unauza nini?" Nikamsukuma. Ndiyo, nilimsukuma, niombeeni msamaha kwake. Pale gereji nikamwona fundi wenu mpya, Emojong, kijana wa Chakol, amepiga goti chini ya trela na kinyago kimeshuka. Nikapiga kelele. Ile sauti niliyoajiriwa nayo, sikujua kama bado ninayo. Watu walitoka, mpaka wa kantini.

Emojong akazima mashine, akainua kinyago. "Mama, kuna nini?"

"Tanki hilo limeoshwa na nani?"

"Na mimi, Mama. Jana. Mpaka leo asubuhi lilikuwa wazi linapigwa na upepo."

Wewe ukaja mbio, Dennis, karatasi mkononi. Ukanieleza, taratibu, kwa upande wa sikio zuri, kwamba wameweka laini mpya isiyokatika, ndiyo maana geti linafunguka haraka. Ukanipeleka kwenye chumba cha seva, ukafungua faili, ukanisomea mstari. Baada. Ukachomoa kebo mwenyewe bila mimi kukuambia, ukapigia Malaba, ukaweka simu niisikie: bado haujapokelewa. Watu walikuwa wanacheka huko nje, na yule askari alikuwa anawaonyesha nilivyomsukuma. Niliona aibu. Ningeiona tena kesho kama ingebidi, na kesho kutwa.

Mlinipa maharagwe kantini. Nilipomaliza nilisimama karibu na geti nikingoja usafiri, hakuna anayeniangalia, na nikamwona Emojong anasogezewa trela nyingine. Skrini ya ukutani ilikuwa kijani. Aliitazama, akatazama trela, akaweka chini kile kishikio cha mashine. Akapanda ngazi mpaka juu, akafungua mfuniko, akateremsha kipimo cha mvuke ndani kwa kamba, akainama kukisoma mwenyewe.